Vitone Vitano Alivyoviacha Vestine

Vestine Nshimirimana ana meza ya mbao chini ya bati moja sokoni Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na juu ya meza hiyo kumelala kila kitu kilichowahi kutoa sauti kikanyamaza: redio, spika, simu, chaja, inveta za sola zinazonuka kuungua. Ana miaka arobaini na mitatu. Watu humwita Mama Bella, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wateja wapya hudhani anamshikia mumewe meza. Huwaacha wadhani hivyo mpaka waanze kumweleza ugonjwa wa redio kwa sauti ya kumfundisha. Hapo huwauliza kama wamemaliza, kisha huchukua bisibisi.

Alizaliwa Gitega, Burundi, akasoma umeme katika shule ya ufundi, wasichana wanne katikati ya wavulana thelathini na kitu. Mwaka 2015 alivuka mpaka na mumewe Térence na watoto wawili, vyeti vyake akiwa amevifunga tumboni kwa kitenge. Nakivale walipewa kiwanja cha kulima. Vestine alipanda maharage misimu miwili, halafu akakubali jambo ambalo majirani walikuwa wamekwisha kulikubali zamani, kwamba jembe na yeye hawaelewani. Térence akabaki na shamba, mkewe akaenda sokoni na bisibisi tatu.

Katika shule ile Vestine alitoka na mambo mawili. La kwanza ni umeme. La pili ni unadhifu. Mwalimu wao wa vipimo hakupokea kazi ambayo haikuandikwa mara mbili: kwanza kwenye rasimu, ambayo wao kwa Kifaransa chao waliiita bruyoni, humo uchafue na kukata unavyotaka, kisha nakala safi, kwenye karatasi ya miraba, kwa wino wa bluu, mistari kwa rula, bila doa. Alama zilitolewa kwa nakala safi. Rasimu hakuna aliyeisoma, ilikwenda kuwashia mkaa. Mrundi yeyote aliyekalia dawati anayajua haya, na wapo mpaka leo ambao hawawezi kuandika orodha ya chumvi na sabuni bila kuinakili upya.

Kinachomfanya Vestine ajulikane hadi Mbarara ni kifaa chake cha kupimia umeme. Ile mashine ya dukani inayouchora umeme kwenye kioo hana, na bei yake hataki hata kuisikia. Alijitengenezea ya kwake kwa kibao kidogo chenye chipu, akakiunga na kompyuta ya mkononi isiyo na betri, iliyong'oka vitufe viwili vya herufi. Tatizo la kibao hicho ni kusoma polepole. Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka mara hamsini kwa sekunde moja, wimbi nyuma ya wimbi, na kibao cha Vestine kinaweza kusoma mara moja tu katika kila wimbi. Fundi mwingine angekitupa.

Yeye alikumbuka njia waliyofundishwa, na wateja wakimuuliza huwaeleza hivi. Tuseme unataka kujua jirani yako anafanya nini kutwa nzima, nawe huna nafasi ya kumkalia mlangoni. Jumatatu pita kwake saa moja, utamkuta anafagia. Jumanne pita saa mbili, yuko kwenye bomba la maji. Jumatano pita saa tatu, anachambua maharage. Baada ya siku kumi na mbili umeiona siku yake yote, na hukukaa kwake hata dakika tano. Kibao nacho ndivyo kinavyofanya. Wimbi la kwanza hulisoma mwanzoni kabisa, la pili hulisoma baadaye kidogo, la tatu baadaye kidogo zaidi, na likifika wimbi la mia kimefika mkiani. Vitone mia kutoka mawimbi mia, ukivipanga, vinakuchorea sura ya wimbi moja. Sharti ni kwamba siku za jirani ziwe zinafanana. Sharti hilo Vestine alizoea kulitaja haraka haraka na kuendelea.

Meza ya pili chini ya bati lile ni ya Orpa, Mkongo wa Fizi, Kivu Kusini, muuza dagaa na mawese. Miaka minane wamechangia jiko moja la mkaa, chai moja na umbeya mmoja. Mume wa Orpa, Bienvenu, alikuwa amepata kazi ya mshahara Kakiika, upande wa Mbarara, kulinda na kuendesha tangi la kupoozea maziwa katika kituo cha wafugaji. Alilala huko huko kituoni, akarudi nyumbani Jumapili moja moja. Mkimbizi kupata kazi ya mwezi hadi mwezi si jambo la kila siku, na ada za shule za watoto wao watatu zilitoka hapo.

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea, maziwa ya asubuhi yalianza kuharibika. Wafugaji wanayaleta kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, yakiwa bado na joto la ng'ombe, na tangi linatakiwa liyapoze mara moja. Mara tatu katika wiki mbili gari la kiwanda lilikuja, dereva akayapima, akatikisa kichwa na kuondoka bila kuyapakia. Mara zote tatu wanachama wa kituo walikuta mota ya tangi imenyamaza. Bienvenu alisema amewasha. Alisema tangi lenyewe linaanza kuhesabu dakika zake, halafu kabla ya kumaliza linaanza upya. Watu walimsikiliza kama wanavyosikilizwa watu waliokwisha hukumiwa, wakasema kijana analala.

Mwenyekiti wa kituo, Mzee Nehemiya, ni Mnyankore wa ng'ombe arobaini, mtu wa haki kwa kadiri alivyoelewa. Alisema hatamfukuza mtu kwa kelele. Ufanywe upimaji: umeme ukionekana mbaya, Bienvenu anabaki; umeme ukionekana mzuri, basi ni mkono wa mtu, na mwenye mkono ataondoka. Bienvenu alipiga simu nyumbani. Orpa akasema fundi wa kupima umeme anamjua, meza yake iko hapa hapa.

Vestine alifika Kakiika saa tano, jua likiwa limepanda na majani yamekauka. Alifunga nyaya zake kwenye njia ya umeme ya kile kisanduku cha kuongozea tangi, akapima raundi kumi za mawimbi mia mia. Sekunde ishirini tu. Zilizobaki zilikuwa saa za kupanga. Kwenye kioo cha kompyuta wimbi lilijichora zuri, limejaa, bila pengo. Vitone mia tisa tisini na tano vilikaa kwenye mstari kama wanafunzi. Vitano vilikataa. Vyote vilikuwa maeneo ya katikati ya wimbi, kimoja juu, kingine chini, mbali na wenzao.

Kwenye rasimu aliviandika, maana kwenye rasimu huandikwa kila kitu: kitone na namba ya wimbi kilikotoka. Alivizungushia duara, akavitazama. Kitone cha namna ile huletwa na chochote, waya uliolegea, kibao kutikiswa, yeye mwenyewe kukohoa. Vitano katika elfu moja ni uchafu, alijiambia. Akatoa karatasi ya miraba na kalamu ya bluu, akachora nakala safi. Vitone vitano vilibaki kwenye rasimu. Chini ya nakala safi aliandika kwamba umeme wa kituo ni mzuri, akaweka sahihi na tarehe.

Nehemiya aliisoma mbele ya wanachama saa tisa. Karatasi ilizunguka mkono kwa mkono, kila mtu akiisifu kwa jinsi ilivyonyooka. Ilipomfikia Bienvenu aliishika muda mrefu, akaigeuza kana kwamba upande wa pili kungekuwa na neno lake, kisha akairudisha. Alisema "basi" na kuingia kufunga godoro lake. Vestine alipanda gari la kurudi kabla yake, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba alipima vizuri.

Orpa hakugomba, na hilo ndilo lililouma. Alimwamkia kila asubuhi kwa adabu, akamuuliza habari za watoto, ila badala ya Mama Bella sasa akawa anamwita madame, kama anavyomwita mgeni wa shirika aliyekuja kununua dagaa za kuonja. Wiki iliyofuata alileta jiko lake mwenyewe akaliweka upande wa pili wa meza. Vestine alikuwa na jibu lake tayari: mimi napima, sihukumu, umeme ulikuwa mzuri ningeandika nini? Jibu hilo alijipa mara nyingi kwa siku, na jibu zuri halihitaji kurudiwa hivyo.

Wiki ya tatu Bienvenu mwenyewe alikuja mezani na redio ndogo ya betri. Alitaka kuiuza. Vestine aliifungua, akaikuta nzima, akamwuliza kwa nini anaiuza, swali la kipumbavu ambalo Bienvenu alilipita kistaarabu. Alisema tu kwamba asiogope kuinunua, redio haina ugonjwa wowote.

"Kule Kakiika ndiko ilikuwa inanisumbua," alisema. "Asubui, mu saa ya maziwa, ilikuwa inapiga tak, tak, tak, siwezi kusikia habari. Jua ikitoka inaacha. Huku haipige hata kidogo."

Vestine aliweka bisibisi chini. Alimwomba apige mezani kwa kidole, kama ilivyokuwa ikipiga. Bienvenu akafikiri kidogo, akaanza. Vestine alitazama saa yake ya mkono. Kutoka pigo la kwanza hadi la kumi na moja zilipita sekunde kumi na mbili na kitu. Alimwambia arudie, na ilikuwa vile vile.

Sauti hiyo kila fundi wa redio karibu na ng'ombe anaijua. Ni uzio wa umeme. Ule uzio hautumi umeme mfululizo kwenye waya. Unatupa pigo moja, unapumzika sekunde moja na kidogo, unatupa jingine, ng'ombe ajifunze heshima bila kufa. Redio yoyote iliyo karibu hulisikia pigo hilo.

Aliinama chini ya meza kutafuta kopo la karatasi za kuwashia mkaa. Zamani lisingekuwa na kitu, maana Orpa ndiye aliyewasha jiko lao na kila rasimu iliishia humo. Sasa Orpa anawasha lake kwa kitu kingine, na rasimu za wiki tatu zilikuwa zimejazana. Ile ya Kakiika aliipata ya nne kutoka chini. Namba za vitone vitano zilikuwa ndani ya miduara yake: 61, 366, 549, 671, 854. Alitoa ya kwanza kwenye ya pili, ikabaki 305. Akaendelea: 183, 122, 183. Alizigawanya zote kwa sitini na moja, na hakuna iliyobakiza kitu.

Mawimbi sitini na moja, kwa umeme wa mawimbi hamsini kwa sekunde, ni sekunde moja na kidogo. Ule haukuwa uchafu. Alikuwa jirani mwingine anayekuja na kwenda kwa mwendo wake, ambao si mwendo wa umeme wa nyumbani, na kibao kilichopita mlangoni mara elfu moja kilimkuta ndani mara tano. Kibao kilisema kweli tangu mwanzo. Aliyedanganya ni nakala safi.

Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alimwambia Bienvenu asiiuze redio, amwazime kwa siku mbili.

Kesho yake alikwenda kulala Ruti, pembeni mwa Mbarara, kwa Mrundi mwenzake waliyesoma pamoja, ili alfajiri apande boda awahi Kakiika majani yakiwa bado na umande. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kituoni. Tangi lilikuwa na mlinzi mpya, mama wa hapo hapo aitwaye Goretti, na Goretti alimwambia kwa sauti ya chini kwamba tangi lina tabia mbaya, linahesabu dakika zake na kuanza upya, ila yeye hajamwambia mtu. Aliyesema hivyo kabla yake alifukuzwa.

Vestine akawasha redio ya Bienvenu, ikapiga tak, tak, tak. Akaifuata sauti inakozidi, nje, nyuma ya ukuta, mpaka kwenye uzio mpya wa malisho. Waya wa chini ulikuwa umelaliwa na majani mabichi yenye maji, na kila pigo lilikuwa likitoroka kuingia ardhini. Kisanduku cha uzio kinatakiwa kiwe na chuma chake cha kuzika ardhini. Aliyefunga huu alikwepa kazi ya kuchimba, akaunga waya wake kwenye chuma cha tangi la maziwa. Kwa hiyo pigo likiwa kali, kisanduku cha tangi hupotewa na hesabu. Na tangi la namna hiyo likipotewa haliwashi mota papo hapo. Husubiri dakika tano kamili ili mota isiungue. Kabla dakika tano hazijaisha pigo jingine kali linakuja. Majani yakikauka, saa nne hivi, ugonjwa unapona, na fundi anayefika saa tano hukuta tangi linafanya kazi kama kawaida.

Malisho yale ni ya Mzee Nehemiya. Uzio aliufunga mwezi wa Machi, kwa ajili ya mitamba wake.

Alikuja saa moja na madebe yake nyuma ya pikipiki, na wanachama kumi na kitu walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Vestine angeweza kumvuta pembeni, na alilifikiria hilo. Lakini nakala safi ilisomwa mbele ya watu, basi alisema mbele ya watu. Alieleza uzio, umande, na chuma kilichochangiwa. Nehemiya alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nyabo, mama, wewe ndiyo naandika umeme iko sawa," alisema. "Karatasi yako iko ndani ya ofisi, na sahihi. Sasa leo nasema hapana. Sisi nashika gani?"

"Mushike hii," Vestine alijibu, akampa rasimu yenye makunyanzi na doa la mawese. "Hivi vitano viliniambia ukweli siku ile. Niliviacha ili karatasi ipendeze. Kosa ni langu. Bienvenu hana kosa."

Nehemiya hakuwa mtu wa kuamini karatasi ya pili kirahisi baada ya kudanganywa na ya kwanza. Alikwenda mwenyewe akauzima uzio, akarudi akasimama mbele ya tangi na wengine wote. Dakika tano ni ndefu ukizingoja na watu wanaotaka kukuona umekosea. Namba zilishuka moja moja kwenye kisanduku. Mtu mmoja alitania kwamba maziwa yatakuwa jibini kabla fundi hajamaliza ibada. Vestine hakucheka. Kama mota isingewaka, Bienvenu asingerudi tena, na yeye asingekuwa na uso wa kukaa Kabazana. Namba zikafika sifuri, tangi likatetemeka, mota ikaunguruma.

Nehemiya alivua kofia, akajikuna kichwa. Alisema ng'ombe ni wake, uzio ni wake, na aliyefukuzwa ni mtoto wa watu. Akatoa simu, akampigia Bienvenu hapo hapo, sauti ikiwa wazi ili kila aliyekuwepo siku ile asikie, akamwomba radhi na kumwita arudi Jumatatu. Goretti alipewa zamu ya jioni. Jioni hiyo hiyo kilizikwa chuma cha pili, cha uzio peke yake.

Vestine alirudi Kabazana saa kumi. Habari ilikuwa imefika kabla yake, lakini aliona lazima aiseme kwa kinywa chake. Alikwenda upande wa pili wa meza, akamweleza Orpa yote bila kujipamba: vitone, rasimu, nakala safi, chuma. Akamwomba msamaha. Orpa alikuwa akimpimia mtu dagaa. Alimaliza kupima, akafunga, akapokea pesa, akangoja mteja aende.

"Mi sikukutuma juu ya umeme," alisema. "Umeme mi siijue. Nilikutuma juu unamujua Bienvenu. Na habari ya redio alitaka kukuambia ile siku. Ukamunyamazisha, uko unahesabu."

Vestine akakumbuka. Ilikuwa kama saa saba, yeye ameinamia kompyuta, na mtu alisimama nyuma yake na redio mkononi akisema mama, kuna kitu kingine. Aliinua mkono wake wa kushoto kumnyamazisha, bila kugeuka. Siku nzima walikuwa chumba kimoja. Alisoma mawimbi elfu moja, lakini hakumuuliza hata swali moja mtu aliyeishi na tangi lile miezi kumi na minne.